Gitaa la Owuor na Kituo cha Kupokea

Ntinda, Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Mzee Komakech, Old Kampala.

Mzee wangu, habari za siku nyingi ambazo hatujaonana, kwa sababu hatujawahi kuonana. Naitwa Owuor. Ni Mkenya, mtu wa Kisumu. Mchana nauza vipuri vya pampu za maji hapa Kampala, na jioni ya Ijumaa napiga gitaa la jazi kwenye mgahawa mmoja hapa Ntinda. Aliyenielekeza kwako ni Abdul-Latif, yule wa duka la nyaya hapo kwenu. Alisema, "Fundi yupo, tena fundi hasa, alikuwa mtu wa signali, wa redio za jeshi, kambini miaka na miaka. Lakini usimpigie simu. Mambo ya ufundi hataki yasemwe hewani. Andika barua, tia tarehe, tia sahihi, iweke ndani ya mkoba wa gitaa, mpe mtu wa boda." Nilidhani ni njaa ya mfungo inamsemesha, nikakupigia. Ukapokea, ukasema "Andika!" ukakata. Haya, nimeandika.

Mgonjwa ndiye huyo uliyemfungulia mkoba. Ni gitaa pana lenye tumbo tupu, na lina pikapu moja. Nasema ile sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi, si gari. Magonjwa yake ni mawili. La kwanza, linanguruma. Nikilichomeka tu kwenye spika, hata sijagusa uzi, linaanza kunguruma kama friji ya baa, na nikikaribia taa za mgahawa ndiyo linapandisha. La pili, sauti yake ni ya bati. Jazi inataka sauti nene, ya joto, yenye mafuta kidogo, kama uji wa ulezi ulioiva. Langu linatoa sauti ya sufuria tupu.

Sasa nikwambie kwa nini nina haraka. Bosi wa mgahawa, Madamu Celestine, ni Mkenya mwenzangu, na Mkenya mwenzako ndiye hatakuonea huruma hata chembe. Amesema, "Owuor, wateja wananiuliza kama hiyo jenereta ni yetu. Ijumaa ya tarehe 28 nikisikia huo mngurumo au hiyo sufuria yako, kiti nampa Travis." Travis ana kinanda cha umeme. Kina ngoma ndani, kina tarumbeta ndani, kina hata watu wa kuitikia ndani. Yeye anabonyeza kitufe kimoja halafu anakunywa soda. Mzee, hicho kiti cha Ijumaa ndicho kitu pekee katika mji huu ninachokipenda kwa moyo wote. Pampu nauza kwa sababu lazima mtu ale. Nisaidie nisikipoteze.

Ni mimi,
Owuor


Old Kampala, 6 Machi 2025

Kwa Owuor. Kutoka kwa Komakech.

Barua imefika. Gitaa imefika. Maneno ni mengi. Sisi wa signali tulifundishwa kusema jambo kwa maneno ambayo mtu anaweza kupokea huku anakimbia.

Ile friji imekwisha. Ndani ya tumbo ya hii gitaa nyaya zilikuwa uchi kabisa, kila taa ya Ntinda inaingia bila kupiga hodi. Nimezivalisha. Nimebandika karatasi ya shaba nyuma ya vitufe, na nimeshusha waya wa ardhi mpaka kwenye chuma inayoshika nyuzi. Nimeiweka karibu na taa ya mrija, karibu na pasi, karibu na mashine ya kuchomelea ya jirani. Kimya.

Ile sufuria. Hapa nimekamata mwizi. Ni kapasita ndogo ya kahawia, imejificha kwenye kitufe cha toni. Kazi yake ni kuchukua sauti nyembamba na kuimwaga ardhini. Nani alimwajiri huyu? Nimemkata. Sasa sauti iko wazi, kila kitu kinasikika. Umeandika unataka uji wa ulezi. Mimi sipimi uji. Sauti nzuri ni ile inayofika.

Mke wangu Santina anakusalimia. Anasema mwandiko wako unaonyesha umekonda. Sijui ameonea wapi.

Komakech
Signali (mstaafu)


Ntinda, Jumamosi, 8 Machi 2025

Mzee wangu,

Nianze na shukrani, maana kwetu nililelewa. Mngurumo umekwisha. Kabisa! Jana nilichomeka gitaa nikadhani umeme umekatika. Nikazima, nikawasha, nikagonga spika, kimya. Madamu Celestine mwenyewe alichungulia kutoka jikoni kuona kama nimekuja kazini. Kwa hiyo kazi peke yake ningekuchinjia jogoo.

Halafu nikapiga noti ya kwanza.

Sijui niseme vipi nisikukosee heshima. Ilitoka sauti nyembamba, kali, ya kupenya. Mama mmoja aliyekuwa anakula samaki alijishika shavu kama mtu mwenye jino bovu. Mtoto mchanga aliyekuwa amelala aliamka akalia, na mama yake akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemfinya. Madamu alitoka kuuliza ni nani anaburuta viti. Nikapunguza spika. Nikafunga kitufe cha toni mpaka mwisho, na kitufe hakifanyi chochote sasa, maana mwizi wake umemkata. Ikabidi nimalize jioni nikipiga kwa nyama ya kidole gumba, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mkali.

Ombi langu ni moja tu: yule mwizi arudi kazini. Aibe hiyo sauti nyembamba yote, mimi mwenye mali nimemruhusu. Gitaa nakurudishia na mtu yule yule wa boda. Tarehe 28 inakuja, mzee, na Travis ameanza kunisalimia kwa upole ambao siupendi.

Msalimie Mama Santina. Ni kweli nimekonda.

Owuor


Old Kampala, 12 Machi 2025

Kwa Owuor. Kutoka kwa Komakech.

Nimesoma malalamiko. Nimeyasoma tena, maana mara ya kwanza nilidhani umemwandikia fundi mwingine.

Mwizi harudi. Katika maisha yangu yote ya signali hakuna mtu amewahi kuniomba nimpunguzie kusikika. Watu walikuwa wanalia wasikike. Hata hivyo mimi si mtu wa kubishana bila kupima. Nilikaa na hii gitaa kutwa nzima, nikaipiga uzi mmoja mmoja, nikasikiliza. Kweli nimeona kasoro. Bado iko chini kidogo. Kwa hiyo nimeinua pikapu mpaka karibu kabisa na nyuzi. Ile voliumu yako dhaifu nimeitoa, nimeweka moja kali ya redio ya zamani ambayo haizuii kitu. Sasa hata mimi nimefurahi. Imekuwa tamu. Nilimwita Santina asikilize. Alisikiliza kidogo, akachukua kikapu akaenda soko, na vitu vya soko vilikuwa vimejaa ndani.

Kuhusu wewe, nakwambia kama baba. Nenda wakuoshe masikio. Ninyi vijana mnashindilia vidude ndani ya masikio siku nzima, nta inajaa, halafu mnalaumu gitaa. Si aibu. Ni maji ya uvuguvugu tu, unainamisha kichwa, wanapiga bomba, kwisha. Utarudi hapa unanishukuru.

Komakech
Signali (mstaafu)


Ntinda, Jumamosi, 15 Machi 2025

Mzee wangu,

Nimekwenda. Ndiyo, nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda kuoshwa masikio, kwa sababu wewe ni mtu mzima na umesema kama baba. Muuguzi alichungulia la kulia, akachungulia la kushoto, akamwita mwenzake aje aone sikio safi linavyofanana. Hakukuwa na kitu cha kutoa. Waliniosha hivyo hivyo ili nisiondoke bure.

Na jana nikapiga. Mzee, hii ya pili ni mbaya kuliko ile ya kwanza! Ni uma kwenye sahani. Ni msumari kwenye kioo. Nilipiga wimbo mmoja, mteja mmoja akaomba chakula chake afungiwe aende nacho. Madamu Celestine hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuja akaweka mkono begani mwangu akasema, "Owuor, Ijumaa ijayo pumzika. Travis atajaribu. Tarehe 28 uje mara ya mwisho nikusikie." Travis alikuwepo. Akakikalia kiti changu nikiwa nimesimama pale pale! Akakiinua kidogo, akakishusha, akasema kitamtosha.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Kazi ya mngurumo uliifanya kwa ustadi ambao sijauona mji huu, na hii nyingine ni kana kwamba imefanywa na adui yangu. Gitaa hilo hapo linarudi. Naomba ulirudishe jinsi lilivyokuwa, na sufuria yake. Kuna kijana Wandegeya anatengeneza simu, anasema kwake gitaa nalo ni simu tu. Nitamjaribu.

Samahani kwa ukali.

Owuor


Old Kampala, tarehe 17 Machi

Mwana wangu Owuor,

Mimi ni Santina, mke ya mzee. Andika yangu si ya shule, utanisamehe. Mzee haijui hii barua. Nimempa Abdul-Latif akuletee kwa mkono yake.

Gitaa yako iko hapa mezani. Barua yako mzee amesoma, amekunja, amefungua, amekunja. Hajala vizuri. Mimi nataka nikwambie kitu, na ukishasoma uchome.

Mzee hasikii. Si kusema hasikii kabisa. Sauti nene anapata: ngoma, lori, mimi nikikasirika. Ile nyembamba ndiyo imekwenda. Ndege ya asubuhi hapati. Birika ikipiga filimbi hapati, tumeunguza birika mpaka muuza birika ananijua jina. Simu akishika, anasikia mtu kama ameongea ndani ya blanketi, ndiyo maana anapiga kelele "Andika!" anakata. Hiyo sheria ya barua si ya signali, mwana wangu. Ni ya masikio. Alikaa na zile hedifoni miaka mingi, zinampigia filimbi ndani ya kichwa, na jenereta iko nyuma yake.

Sasa wewe unaleta gitaa. Yeye anaongeza ile sauti nyembamba mpaka aisikie. Akiisikia yeye, sisi wengine tunakimbia. Ile siku ya kikapu, banange, nilienda tu nikakaa kwa mama wa nyanya mpaka ikanyamaza.

Nimejaribu kumwambia. Mwaka jana nilitaja daktari, akakaa bila kuongea na mimi mpaka padri akaja. Yeye ni mtu ya masikio. Kambini walikuwa wanasema Komakech anasikia hata mtu akifikiria. Ukimwambia masikio yamekwisha, umemwambia Komakech amekwisha.

Lakini nakuomba sana, usipeleke gitaa Wandegeya. Tangu imekuja mzee ananyoa ndevu asubuhi. Kabla alikuwa anakaa tu, anatengeneza redio ambazo hakuna mtu ameleta. Najua wewe una kiti yako ya kuokoa. Mimi nina mzee yangu. Yeye anasema wewe una maneno mengi. Basi tafuta moja ambayo haitamuua.

Mama yako,
Santina


Ntinda, Jumatano, 19 Machi 2025

Mzee wangu,

Nimetulia. Naomba radhi kwa barua ya Jumamosi, na kijana wa Wandegeya nimemwacha na simu zake. Badala yake nimewaza, na nina swali ambalo ni wewe tu unaweza kulijibu. Ukiona nimekosea nirekebishe, maana mimi ni raia.

Mtu wa signali akitaka kujua redio yake inafika vizuri, anajuaje? Mimi nadhani hawezi kujua akiwa peke yake. Yeye anatuma tu. Lazima amuulize yule wa upande wa pili, "Unanipataje?" na yule ndiye anayesema kama inafika wazi au inafika vibaya. Anayetuma hana haki ya kujipa alama. Ni hivyo?

Kama ni hivyo, basi gitaa letu halijawahi kupimwa kwa kanuni hata mara moja. Wewe umelipima ukiwa umelishika. Mimi nimelipima nikiwa nimelishika. Tumegombana vituo viwili vya kutuma, na hakuna anayepokea! Naomba uweke kituo cha kupokea, mbali kidogo na meza yako. Asiwe fundi, asiwe mwanamuziki, awe mtu wa kawaida anayesikiliza huku anafanya shughuli zake, kama wateja wa mgahawani. Ila asiwe mtu wa kukuogopa. Sijui kama huko kwenu unaweza kumpata mtu wa namna hiyo.

Kituo hicho kitakachosema, mimi nakubali. Kikisema sufuria, iwe sufuria. Ijumaa hii Travis ndiye anapiga, na mimi nitakaa nyumbani nijifanye sijali. Tarehe 28 ndiyo ya mwisho. Nakuachia.

Owuor


Old Kampala, 24 Machi 2025

Kwa Owuor. Kutoka kwa Komakech.

Swali lako ni sahihi. Ni kanuni ya siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, na nimeona aibu kukumbushwa na muuza pampu. Kituo cha kutuma hakijipimi.

Niliweka kituo cha kupokea jikoni. Mpokeaji ni Santina, alikuwa anachambua mboga. Spika niliiweka mlangoni. Tulikubaliana alama kutoka moja mpaka tano. Nikapiga uzi kwa ile sauti niliyoiona tamu, nikauliza, "Unanipataje?" Akajibu, "Moja, afande. Na hiyo moja ni ya huruma."

Nikamrudisha mwizi. "Mbili." Nikamtoa, nikatafuta mwizi mwingine mkubwa zaidi, anayeiba kwa magunia. "Tatu." Nikatoa voliumu ya redio, nikarudisha ile yako niliyoitukana. "Tatu na kidogo." Nikashusha pikapu mbali na nyuzi. "Nne." Hapo mimi mwenyewe sikuwa napata kitu cha maana tena, ni kama mtu anagonga godoro chumba cha pili. Nikamwambia gitaa imekufa. Akasema, "Shusha tena upande wa nyuzi nene, kidogo tu." Nikashusha, nikapiga. Hakujibu. Nikauliza, "Unanipataje?" Hakujibu.

Nikaingia jikoni. Nikamkuta ameweka kisu chini, amefumba macho, kichwa kinakwenda huku na huku, na midomo inafanya kazi. Alikuwa anaimba, Owuor. Anaimba wimbo wa kwao, karibu yangu hivi kwamba ningeweza kumshika, na mimi sikupata hata neno moja.

Nikakaa. Alipofumbua macho akaniona, akajua nimejua. Nililia, kama unataka kujua. Yeye alinipa kitambaa cha vyombo, kina pilipili, tukalia vizuri wote wawili.

Sasa sikiliza. Mimi si mjinga. Mtu haandiki barua ya hasira Jumamosi na barua ya kanuni Jumatano bila mtu wa tatu katikati. Na Abdul-Latif hajui kuficha jambo, wiki nzima akiniona anajificha ndani ya duka lake mwenyewe. Sijakasirika. Mimi ndiye nilijua kabla yenu wote. Nilikuwa naogopa tu wengine wajue, maana tangu ujana mimi nilikuwa yule anayesikia, sikuwa na sifa nyingine. Ni hivyo. Nimesema, tena kwa maneno mengi, umeniambukiza.

Gitaa inakuja. Kituo kimetoa tano. Mimi siwezi kusema ni tano ya nini, nimesaini kwa kumwamini mpokeaji.

Ijumaa siji. Kwenda kusikiliza kitu ambacho sitakisikia ni kujitesa bure.

Komakech
Signali (mstaafu)


Ntinda, Jumamosi, 29 Machi 2025

Mzee wangu,

Ulisema huji, na nilikuona! Ulikaa pale pembeni kabisa na Mama Santina, umevaa tai, umeshika menyu juu chini. Nilijifanya sijakuona, nikaendelea kukaza nyuzi ambazo nilikuwa nimeshazikaza.

Nikueleze ilivyokuwa, maana kuna mengine yalikupita. Nilipiga noti ya kwanza nikasubiri watu wageuke. Hakuna aliyegeuka. Nikapiga ya pili. Ilitoka mviringo, nene, imetulia, ikakaa kwenye chumba kama mtu wa nyumbani. Mzee, miaka mingi nimelitafuta hilo jambo! Niliogopa kulifurahia, nikaendelea kupiga huku nimekunja uso, watu wakadhani nina huzuni wakanipenda zaidi.

Ndipo Madamu Celestine akatoka jikoni, mikono kiunoni. Akasikiliza. Akasema nisogee chini ya taa. Nikasogea na kiti changu. Kimya. Akasema nisogee kwenye friji ya soda. Nikasogea nikapiga nimeegemea friji yenyewe, wateja wanachukua soda juu ya kichwa changu. Kimya! Akatafuta kosa mpaka akakosa pa kulitafutia. Travis alikuwa amekuja na kinanda chake, amekipakata kama mtu aliyeleta mtoto kliniki. Madamu akamwendea akamwambia, "Travis, kula kwanza, halafu uende nyumbani." Kwangu akasema, "Kiti ni chako. Kirudishe mahali pake, unaziba mlango." Nilikwenda nyuma nikasingizia vitunguu.

Halafu kwenye wimbo wa mwisho wewe ukasimama, ukaja mpaka kwenye spika, ukaweka kiganja juu yake, ukasimama hapo hapo mpaka nikamaliza. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, meza mbili zilikupigia makofi. Mimi sikujua unapata nini pale, na sikutaka kuuliza mbele za watu. Nauliza hapa. Mzee, unanipataje?

Owuor


Old Kampala, 14 Aprili 2025

Kwa Owuor. Kutoka kwa Komakech.

Uliuliza. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa nimepokea kweli. Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Nilikwenda kwa hiari. Santina atakwambia alinisukuma, usimwamini.

Wamenipa vidude viwili vya kuvaa nyuma ya masikio. Sikujua dunia ina kelele ndogo ndogo namna hii. Mfuko wa kaveera, huu wa plastiki! Mtu anakunja mfuko tu, na mimi nageuka. Kuku wa jirani wana malalamiko mengi. Na Santina anaimba vibaya, Owuor. Anaimba vibaya sana, anaanza juu anamalizia anapojua yeye. Kila asubuhi nakaa jikoni najifanya natengeneza pasi ili asinyamaze.

Hii gitaa uliyoniachia juzi nibadilishe tundu la kuchomekea, nimebadilisha. Halafu nilifanya jambo bila ruhusa yako. Nilimkata mwizi tena. Nikainua pikapu, nikaweka ile voliumu ya redio, kila kitu kama nilivyokutumia mara ya pili. Nikavaa vidude. Nikapiga uzi mmoja, ule mwembamba.

Mama yangu! Nilivivua nikavitupa kitandani. Santina alikuja mbio akidhani umeme umenishika.

Kumbe hiyo ndiyo uliyoibeba ukaenda nayo mbele ya watu wanaokula. Nilikuwa nimekwambia ni tamu. Na wewe, kabla ya kunibishia, ulikwenda kwanza kuoshwa masikio yako mazima. Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Watoto wangu wa kuzaa wangenigombeza siku ile ile, na wangekuwa na haki, maana ile kitu nilikufanyia mtu anaweza kufungwa. Wewe hata ulipokasirika uliandika "mzee wangu" juu na "samahani" chini.

Nimerudisha kila kitu kama kituo cha kupokea kilivyoamuru, nikasikiliza tena nikiwa na vidude, polepole, mpaka Santina akaniita kula mara tatu na zote nilimsikia, nilikataa tu. Jibu la swali lako: nakupata. Nakupata tano.

Jumapili ya Pasaka njoo ule kwetu, Santina anapika malakwang, ile mboga ya kwetu. Gitaa hii ikishakufikia, iache nyumbani. Njoo wewe.

Baba yako,
Komakech